Sura ya Jane Austen: Shajara ya Picha Moja, Ngamiani

Jumamosi, 10 Januari 2026

Mwalimu wa Kiingereza kaja kibandani kabla sijamaliza kufagia. Anataka picha ya pili ya chumba cha kusomea cha shule yao. Ya kwanza nilimchorea mwaka jana, Shaaban Robert, na ile haikunitoa jasho. Mtu kazaliwa hapa hapa upande wa Vibambani, kafanya kazi ofisi za serikali mjini Tanga, kafariki 1962 wakati kamera zimeshazoeleka. Kaburi lake liko Machui. Nilipokosea kidogo, mzee mmoja aliyekuwa akimwona akipita alinisahihisha palepale barazani, na kikombe cha kahawa mkononi.

Safari hii anamtaka Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza. Wasichana wake wanamsoma, na Desemba iliyopita ilitimia miaka 250 tangu azaliwe, tarehe 16 Desemba 1775, kijiji cha Steventon, Uingereza. Nikamwambia Mwalimu kazi ndogo hiyo, nipe wiki tatu. Riziki yangu ni mabango ya saluni, majina nyuma ya bajaji, na picha za marehemu ambazo familia huniletea zikiwa zimekunjwa nne. Mwanamke mmoja wa Kizungu kwenye kilemba atanishinda nini?

Tumekubaliana iwe tayari kabla ya Idi.

Jumanne, 13 Januari

Nilisema wiki tatu bila kutazama. Leo nimekaa na simu mchana kutwa na sasa najua nilichojitia.

Picha zake ni nyingi, lakini ukizipanga unaona nyingi ni mama na watoto wake: zimezaliwa na picha moja. Mama mwenyewe ni mchoro mdogo wa penseli na rangi za maji aliouchora dada yake, Cassandra, mnamo 1810 hivi. Uko London, kwenye jumba la taifa la picha za watu, tangu 1948. Nimekata kadi kwa vipimo vyake, urefu sentimita 11 na nusu, upana 8, nikaibandika juu ya meza. Inaenea kwenye kiganja. Dunia nzima inamjua mwanamke huyu kwa kitu ambacho ungeweza kukifunika kwa mkono usiseme lolote.

Na haukumalizwa. Uso umepakwa rangi, nywele zimepakwa, macho yamepakwa. Kuanzia shingoni kushuka ni mistari ya penseli tu, miepesi, kama mtu aliyeanza kuchora akaitwa jikoni. Mikono kaikunja mbele. Anatazama pembeni. Mdomo kaubana. Ukinionyesha bila jina nitakwambia huyu ana madai na mtu.

Jumapili, 18 Januari

Mtoto wa kwanza wa mchoro ule alizaliwa 1869. Mpwa wake Jane, James Edward Austen-Leigh, alikuwa anatoa kitabu cha kumbukumbu za shangazi yake, akataka picha ya mbele. Mchoro wa Cassandra akauona haufai. Akampa mchoraji mmoja, James Andrews, auchore upya, na kutoka kwenye picha hiyo mpya fundi mwingine, Lizars, akatengeneza mchongo wa kuchapia kitabuni. Andrews hakumwona Jane hata siku moja. Jane alikuwa amefariki tangu 18 Julai 1817, Winchester, ana miaka 41.

Niliziweka mbili pamoja. Andrews kaulegeza mdomo. Kayakuza macho. Ile mikunjo ya kuchoka chini ya macho kaifuta. Mikono iliyokunjwa haipo tena. Mtu aliyekuwa na madai kawa bibi harusi anayesubiri kutolewa.

Na huyo wa pili ndiye aliyepanda cheo. Ndiye aliyeko kwenye noti ya pauni 10 iliyotoka 2017, mwaka wa 200 tangu afe. Jamaa yangu mmoja anafanya kazi kwenye duka la kubadilisha fedha, kaniachia niitazame noti hiyo kwa dakika tano, yeye kaishika ncha moja wakati wote kana kwamba nitaimeza. Kwa kioo cha kukuzia ni mistari na nukta, ustadi mkubwa sana. Lakini ni mchongo wa mchoro wa mchoro.

Kinachoniuma ni kwamba najua hasa Andrews alifanya nini, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Ijumaa, 23 Januari

Niandike hili kwa kuwa linahusika.

Bibi yangu mzaa mama aliacha picha moja tu, ya kitambulisho. Alipigwa jua kali, kaambiwa avue mtandio, kaambiwa asicheke. Katoka kama mtu aliyekamatwa. Alipofariki, mjomba akaipeleka studio moja mjini wakaikuza. Ikarudi bibi kawa mweupe, midomo imetiwa rangi, nyusi zimechongwa, na nyuma yake pametiwa maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuyafikia. Mama aliiangalia akasema neno moja: "Nani?" Lakini ndiyo iliyotundikwa sebuleni. Sasa wajukuu wadogo ukiwaonyesha ile ya kitambulisho, wanasema hii siyo bibi, bibi ni yule pale ukutani.

Mimi mwenyewe nimeshawapaka weupe marehemu wa watu zaidi ya mara moja, kwa kuombwa. Sijivuni.

Basi Jane amepitia studio hiyo hiyo. Na ajabu ni kwamba hata picha ya kitambulisho, ile ya Cassandra, ilikataliwa na waliomjua. Mpwa wake mmoja wa kike, Anna, aliandika 1862 kwamba haifanani naye kabisa, na neno alilotumia halikuwa la upole. Mwingine, Caroline, alipouona mchongo wa Lizars alisema mfanano si mkubwa, ila kuna namna ya kutazama anayoitambua, na kwa kuwa ni uso wa kupendeza, kwa kiasi hicho una ukweli. Ndivyo mtu mwenye adabu anavyosema "siyo yeye, ila asanteni."

Kwa hiyo ninazo picha mbili, na zote zimekanwa na ukoo. Nimemtumia Mwalimu ujumbe kwamba wiki tatu hazitoshi. Kajibu kwa alama ya kicheko.

Jumatatu, 26 Januari

Nyingine nilizozipitia haraka haraka:

Picha kubwa ya mafuta ya msichana mwenye gauni jeupe na mwavuli, inaitwa ya Rice kwa jina la familia iliyokuwa nayo. Wenyewe wanashikilia ni Jane utotoni. Wataalamu wengi wanakataa kwa sababu ya mtindo wa gauni. Ilipelekwa mnadani 2007, haikuuzika. Siigusi.

Kivuli cha karatasi nyeusi kilichokutwa kimebandikwa ndani ya kitabu chake kimojawapo, kimeandikwa kwa Kifaransa "Jane mpendwa." Jane yupi? Majina hayo Uingereza ni kama Mwanaisha hapa kwetu.

Picha ya 2002 iliyochorwa na Melissa Dring, mchoraji aliyezoea kazi za polisi, kwa kufuata maelezo ya walioandika juu yake. Hii nimeiheshimu, kwa kuwa imeanza na mashahidi, siyo na mchoro. Lakini sitaki kumwigiza. Nitaanza na mashahidi wale wale mwenyewe.

Na moja iliyonipendeza kuliko zote: rangi za maji, 1804, ya Cassandra huyo huyo. Jane kakaa nje, gauni la buluu, kofia yenye kamba zilizolegezwa, na kampa mchoraji mgongo. Uso hauonekani hata chembe. Hii hakuna aliyeikana.

Jumamosi, 31 Januari

Leo ni siku ya mashahidi. Mwalimu kaja na wasichana wanne, wakakaa kwenye mkeka, mimi nikasoma maelezo kwa Kiswahili changu wao wakinisahihisha kwa Kiingereza chao.

Kwanza tuliweka sawa ukoo. Kiingereza kina neno moja kwa shangazi, mama mdogo, mke wa mjomba na wengineo wote. Kumbe Anna, James Edward na Caroline wote ni watoto wa kaka yake Jane. Msichana mmoja akasema, "Ah, basi ni shangazi yao," na nikaona mkeka mzima umemwelewa Jane upya. Shangazi ni mtu unayemwangalia vizuri usoni ujue leo kaamkaje. Ushahidi wao una uzito.

Kaka mtu, Henry, aliandika mara tu baada ya kifo: urefu wake ni wa kupendeza, ungezidi kidogo tu angepita wastani. James Edward: mrefu kiasi, mwembamba, mwendo mwepesi na imara, mashavu ya mviringo yaliyojaa, mdomo na pua vidogo vilivyokaa vizuri, nywele za kahawia zinazojikunja zenyewe kuzunguka uso. Caroline: uso wa mviringo kuliko mrefu. Anna: mrefu mwembamba lakini hakupinda mgongo, pua ndogo kiasi yenye umbo zuri. Kisha Anna huyo huyo anaongeza kwamba haelewi ilikuwaje, na sifa zote hizo, shangazi yake asifikie kuwa mrembo hasa. Wasichana walicheka sana hapo. Kila mtu ana binamu wa namna ya Anna.

Halafu tukafika kwenye rangi. Caroline anasema ngozi yake ilikuwa kahawia safi. Kimya. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo alikuwa maji ya kunde?"

Nikacheka, kisha nikaacha kucheka, kwa maana swali ni la mchoraji kabisa. Kwa Waingereza wa wakati ule, mtu wa namna hiyo ni Mzungu asiye na weupe wa maziwa na wekundu wa waridi: ngozi yenye joto chini yake. Nikasema siyo maji ya kunde yetu. Lakini ikanifungua macho nikaenda kuitazama tena noti, maana pale hana rangi yoyote, na kwenye picha nyingi za mtandaoni wamemfanya wa maziwa na waridi. Mashahidi watatu wanasema hapana, na hakuna anayewasikiliza.

Macho: wote watatu wanatumia neno moja, rangi ya tunda la mhazeli. Mti huo hapa hakuna. Tukabishana. Siyo kahawia, siyo kijani. Mmoja akasema chai ya rangi ikiwa kwenye glasi juani. Mwingine akasema asali ya nyuki wadogo. Nimeandika asali.

Jumamosi, 7 Februari

Hii ndiyo siku ambayo kazi iligeuka, na haikugeukia uso.

Kuna koti. Ni vazi refu la hariri la kuvaa juu ya gauni, wenyewe huliita pelisse, la kahawia lenye vijani vidogo vya mwaloni vilivyofumwa, la kati ya 1812 na 1814. Limetunzwa Hampshire na linaaminika kuwa lilikuwa lake. Mtafiti wa mavazi, Hilary Davidson, alilipima mshono kwa mshono akashona jingine lifanane nalo, kisha akatoa makadirio ya mwili ulioweza kulivaa: kifua inchi 31 hadi 33, kiuno 24, nyonga 33 hadi 34, urefu kati ya futi 5 na inchi 6 na futi 5 na inchi 8.

Niliandika namba hizo kwenye karatasi, bila jina, nikampelekea mama fundi wa cherehani mtaa wa pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kitambaa kiko wapi?"

"Sina kitambaa, mama. Nina vipimo tu. Nataka uniambie ni mtu gani."

Kanitazama kama aliyepotewa, akavaa miwani. Akasoma mara moja. Kisha akachukua futi yake, akainyoosha hewani mbele yake, hapa, hapa, hapa, kama anayempima mtu aliyesimama pale.

"Huyu mrefu. Mrefu wa kuinama mlangoni kwangu. Mwembamba, lakini mabega yapo. Hajazaa."

Nikamwambia hakuolewa.

"Sikuuliza kuolewa," akasema.

Nilipomwonyesha picha ya koti kwenye simu, kilichomshangaza ni mahali pa kiuno. Mtindo wa siku zile ulikatia chini tu ya matiti, kisha nguo ikashuka moja kwa moja. "Hili gauni la mimba," akasema. "Lakini mvaaji hana tumbo. Basi ni maringo." Akavuta shuka jeupe kutoka kabatini. Hatakata, akasema, shuka ni la wageni. Atashikiza kwa pini tu nione linavyoanguka. Akamwita binti wa jirani, yuko kidato cha nne, mrefu kuliko sisi wote, akamsimamisha katikati ya chumba. Akapiga alama za kiuno kwa kalamu ya buluu maana chaki ilikuwa imeisha.

Nilichora michoro kumi na moja kwa saa moja na nusu. Umeme ulikatika katikati tukahamia uani. Nilichokipata ni mwili wa mtu wa kweli: mgongo ulionyooka, shingo ndefu, kitambaa kinachoanguka kutoka juu hadi kwenye kifundo cha mguu bila kugusa kiuno. Kaka mtu alisema wastani, wapwa walisema mrefu. Koti limeamua, na limewapa ushindi wapwa.

Kisha likatokea jambo ambalo sikulipanga. Binti alichoka. Jua, pini, na mtu mzima anamwambia usitikisike. Akakunja mikono mbele, akabana mdomo, akatazama pembeni upande wa kamba ya nguo. Nilisimamisha penseli. Nilikuwa nautazama mchoro wa Cassandra. Mikono ile ile, pembe ile ile ya shingo, mdomo ule ule.

Nikamwambia baki hivyo hivyo. Akasema, "Kaka, nimechoka," bila kufungua meno.

Jumapili, 8 Februari

Sikulala vizuri kwa kufikiria.

Naona Cassandra hakukosea. Alichora alichokiona, na alichokiona ni mdogo wake aliyechoka kukalishwa. Kwa mtu baki utatabasamu, utanyoosha shingo. Kwa dada mliyelala chumba kimoja maisha yenu yote unakunja mikono unasema maliza basi. Wapwa hawakuwahi kuonyeshwa uso huo. Wao walikuwa na shangazi wa kuwasimulia hadithi, na Caroline alikuwa na miaka 12 tu shangazi alipokufa. Ndiyo maana Anna akasema siyo yeye.

Na Cassandra ndiye huyo huyo aliyechoma barua nyingi za mdogo wake na kukata vipande kwenye nyingine; zimebaki kama 160. Mwanamke mwenye mkono wa kuchoma namna ile, mchoro huu kauacha. Nalitia akilini tu.

Jumatano, 11 Februari

Ubao wa plaiwudi umefika, umepasuliwa kwa urefu. Nimeamua atakuwa wa kimo chake, sentimita 170, miguu ikaribie sakafu, ili msichana aweze kusimama kando yake. Nimepiga rangi ya msingi mara mbili. Kaskazi inakausha vizuri lakini inaleta vumbi la barabarani. Nimeegemeza ubao ukutani na kuufunika kwa kanga ya mke wangu. Kanga hiyo imeandikwa maneno ya kumsema jirani. Jirani kapita, kasoma, hajaniamkia tangu jana.

Jumapili, 15 Februari

Koti limekaa. Kahawia ya udongo, juu yake manjano iliyofifia, majani ya mwaloni kwa brashi namba 1, moja moja, siku nne. Majani hayo yana kingo za mawimbi, siyo kama jani lolote la kwetu. Mwanzo nilikuwa nachora mkorosho bila kujua.

Uso wa kwanza nimeufuta. Nilitaka kuchanganya: mviringo wa Caroline, macho ya Andrews, mdomo wa Cassandra. Alitoka mtangazaji wa televisheni.

Jumatatu, 23 Februari

Ramadhani imeingia. Nachora kuanzia alfajiri hadi saa nne, baada ya hapo mkono unatetemeka. Mama fundi hapatikani, nguo za Idi zimemfunika hadi shingoni. Nashukuru nilimwahi.

Uso wa pili nimeufuta pia. Huu ulikuwa mzuri, ndiyo kasoro yake. Nilipaka mashavu kidogo, nikalainisha hapa, nikainua pembe ya mdomo pale, na ghafla nikaona maporomoko ya maji nyuma ya bibi yangu.

Jumatatu, 2 Machi

Nimejiwekea sheria, na nimeiandika kwa chaki juu ya mlango nisije nikajidanganya: rangi itapakwa pale tu mashahidi wawili wanapokubaliana na hakuna wa tatu anayewapinga. Pengine pote ni penseli.

Kimo na mwili: koti na wapwa wanakubaliana. Rangi.

Kofia ya kitambaa: Cassandra kaichora, na wapwa wanakumbuka kwamba yeye na dada yake walianza mapema kufunika vichwa kama watu wazima. Rangi.

Nywele: zinajikunja, wote wanasema. Caroline anasema kahawia iliyokolea, Anna anasema si nyeusi si nyeupe. Kuna kishungi cha nywele zake kimehifadhiwa kwenye nyumba yake ya Chawton, lakini miaka imekichuja. Nimetia kahawia ya katikati. Zinazotokeza chini ya kofia ni chache hata hivyo.

Ngozi: watatu. Rangi, nyepesi, yenye joto. Nimechanganya mara sita ndipo nikaridhika kwamba siyo maziwa na siyo maji ya kunde.

Mashavu: mviringo. Cassandra naye kayachora yamejaa. Rangi.

Macho: watatu, neno moja. Rangi.

Pua: hapa pana kesi. Wapwa wawili wanasema ndogo. Cassandra kachora ndefu kiasi, na yeye ndiye aliyekuwa amekaa mbele yake na penseli mkononi, wao wanakumbuka baada ya miaka hamsini. Penseli.

Mdomo: mdogo, hilo sawa. Ila ulikuwa unafanya nini? Penseli.

Jumapili, 8 Machi

Macho leo, tangu alfajiri. Nimeweka kijiko cha asali kwenye kisosi kando ya rangi, kwenye mwanga wa dirisha, na nikafunga kukiangalia bila kukilamba, jambo ambalo nadhani lina thawabu zake. Manjano ya udongo chini, kijani kidogo sana pembeni ya mboni, kahawia kwenye ukingo wa nje. Cassandra kayageuzia pembeni, nimeyaacha pembeni. Hamtazami anayemtazama.

Masika imeanza kunusa. Karatasi zangu zinapinda.

Jumamosi, 14 Machi

Mwalimu kaja kuangalia. Kasimama mlangoni, ubao mzima mbele yake, na kwa muda hakusema kitu. Kasogea hadi kwenye koti akagusa jani moja kwa ukucha. Kisha kapanda na macho hadi usoni.

"Hujamaliza."

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Pua na mdomo havina rangi."

Nikamsomea sheria juu ya mlango. Kaisoma mwenyewe mara ya pili. Akaniambia wasichana watauliza. Nikamwambia waulize, ndiyo kazi ya chumba cha kusomea. Akasema mkuu wa shule naye atauliza, na huyo siyo wa kujibiwa hivyo. Tukabishana kwa ustaarabu, wote wawili tumefunga, hakuna mwenye nguvu ya kupandisha sauti. Akaomba nimtie rangi ya mdomo, hata kidogo tu. Nikamwonyesha picha ya bibi yangu, ya sebuleni, niliyoipiga kwa simu. Na ile ya kitambulisho. Katazama moja, katazama nyingine, akanirudishia simu.

"Sawa," akasema. "Lakini utakuja mwenyewe kumweleza mkuu."

Jumatano, 18 Machi

Tumeipeleka kwa bajaji ya mizigo, ubao umefungwa kanga nyingine, isiyo na maneno makali. Imesimamishwa kando ya Shaaban Robert. Yeye ni kifua na kichwa, ukutani. Bibi huyu ni mzima, chini, kama aliyeingia sasa hivi akakuta mwenyeji kakaa. Niliogopa hawatapatana lakini wamepatana, kwa kuwa hawatazamani.

Mkuu wa shule kauliza. Nikamweleza kwa dakika tatu. Kasema "Aa," akaondoka, sijui ni aa gani.

Yule binti wa kidato cha nne alikuwepo. Wenzake wakamsukuma asimame kando. Vichwa vyao vilipishana kwa kofia tu. Mtu akamwambia kunja mikono, naye akakunja, akabana mdomo, na chumba kikalipuka kwa kicheko. Mwalimu alipiga picha, kanitumia, imetikisika.

Malipo nusu, nusu baada ya likizo.

Mama fundi kadai shuka lake jioni, wageni wa Idi wanafika kesho. Nilikuwa nalo bado, nilikuwa naliangalia mikunjo. Kalipokea, kalikung'uta, pini mbili zikadondoka. Nilipopita kwake baada ya futari lilikuwa limeshafuliwa liko kwenye kamba uani, na zile alama za buluu za kiuno hazikutoka.